Usukani wa Kushonesha

Nakutegea, nawe usiwe na pupa ya kujibu. Nina ng'ombe wangu mmoja. Pembe anazo mbili, mkia hana. Kunywa anakunywa, majani hali. Halali chini hata siku moja, hupumzika kwa kuegemea mguu wake wa pembeni. Na ukitaka aende unampanda mgongoni, unamshika pembe, unampindia kule unakotaka. Ni nani huyo?

Ukisema ng'ombe wa kweli umekosa, maana ng'ombe wa kweli ukimshika pembe unakwenda anakotaka yeye. Huyu wangu ni pikipiki, na pembe zake ni usukani. Kisa chenyewe ni cha fundi cherehani aliyezing'oa pembe hizo uani kwake akapachika nyingine, kwa mikono iliyozoea sindano, kwa ajili ya bega la mke wake.

Mke wa Fundi alikuwa daktari wa mifugo. Mtaa mzima ulimwita Daktari, na mumewe akimtania alimwita hivyo hivyo. Miaka kumi na mmoja alikuwa akipanda pikipiki yake ile ile, sanduku la dawa limefungwa nyuma, akizunguka mashambani kuchanja, kuzalisha na kushona majeraha. "Sote wawili tunashona," Fundi alikuwa akiwaambia wateja wake, "ila wateja wa mwenzangu hawarudi kulalamika kwamba inabana."

Halafu siku moja mtamba mwenye hofu, ng'ombe kijana asiyezaa bado, alimbana Daktari kwenye nguzo ya lango. Bega la kulia likateguka, na mfupa wa juu yake ukavunjika. Miezi mitatu alikaa mkono umetundikwa shingoni. Ulipofunguliwa ulikuwa umepona, lakini umepona kwa masharti. Kushika kijiko, kuchana nywele, kupiga sindano, yote uliweza. Kunyooka mbele moja kwa moja ndiko ulikogoma. Fundi aliutazama akauelewa papo hapo: ulikuwa kama mkono wa koti lililokatwa kwapa dogo. Na usukani wa pikipiki ile ulikuwa mbali, tena chini. Daktari akiendesha, dakika ya tano maumivu yalianza shingoni, dakika ya kumi vidole vilikufa ganzi. Na mkono wa kulia ndio unaozungusha mpini wa mafuta, ndio unaobana breki ya mbele.

Siku alipojaribu kwa mara ya kwanza alirudi anaikokota pikipiki kwa mkono mmoja, jasho linamtiririka. Akasimama mlangoni mwa chumba cha kushonea.

"Baba Watoto, nikuulize kitu. Wewe mwenyewe, unataka nirudi barabarani, au hutaki?"

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni, na siku ile alizishukuru. Akaonyesha midomo yake kwa kidole: unaona mwenyewe, siwezi kusema. Mkewe akangoja. Hatimaye pini ziliisha, zote zikawa kwenye kitambaa.

"Ngoja nimalize pindo hili," akasema.

Pindo likaisha. La pili likaisha. Suruali yenyewe ikaja ikachukuliwa na mwenyewe, akaivaa akaenda nayo zake. Jibu halikutoka.

Si kwamba Fundi hakuwa na jibu. Alikuwa nayo mawili, na yalikuwa yakipigana. Alikuwa akimwona mkewe asubuhi akipanga chupa zilizokwisha dirishani, akizipanga upya, akisoma vibandiko ambavyo amevisoma mara mia, na roho ilimuuma. Lakini pia aliiona siku ile walipomleta nyuma ya gari la maziwa, amelazwa katikati ya madebe, uso umegeuka kijivu, na yeye Fundi akiwa na futi yake ya kupimia shingoni asijue aitie wapi mikono. Kwa hiyo alinyamaza. Na ukimya huo ulikaa nao mezani, wakala nao, wakaamka nao.

Ijumaa mkuu wa Daktari akapiga simu. Fundi alisikia upande mmoja tu.

"Ndiyo, mkuu... Bado unauma, sitakuficha... Stoo? Stoo ya dawa?... Kila siku?... Hapana, sijakataa. Nitakupa jibu Jumatatu asubuhi."

Akaweka simu juu ya cherehani. "Ameniambia Jumatatu nije na pikipiki nichukue njia yangu, au nije kwa miguu nikae stoo, njia apewe mwingine. Hawezi kungoja zaidi. Ng'ombe hawangoji."

Fundi akaendelea kukanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika. Ndipo akanyanyuka. Fundi wa pikipiki wa njia panda alikwisha kuwaambia kwamba ataukata usukani wa zamani, auinue kwa kuuchomelea vipande vya bomba. Fundi alikataa. Alijua kiraka hukaa wapi na hakikai wapi, na mahali pa kushika roho ya mtu si mahali pa kiraka. Akampigia shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wake Daktari, alikuwa muuza spea. Alifika jioni ile ile kabla jua halijazama, amebeba sukani tatu mabegani.

"Hodi! Nimeleta pembe, nani ana ng'ombe?"

"Karibu shemeji. Umeleta za kufunga au za kuringia?"

"Za kufunga. Nani anafunga?"

"Mimi."

Shemeji akazishusha chini pole pole, akamtazama Fundi kuanzia kandambili hadi futi iliyoning'inia shingoni. "Wewe? Shemeji, hii kitu haina zipu."

"Na wewe je, utafunga?"

"Mimi nauza. Kufungua nati ni dhambi ambayo sijawahi kuitenda." Akamgeukia dada yake. "Dada, umesikia? Mumeo anataka kukushonea pikipiki."

"Mwache ashone," Daktari akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka. "Mradi asiniwekee maua."

Jumamosi asubuhi Fundi aliisimamisha pikipiki uani juu ya stendi yake ya miguu miwili, ikasimama wima kama mtu anayepimwa nguo. Akampandisha mkewe. Akampima kama anavyopima watu wote: begani hadi kiwikoni, kiwikoni hadi kifundo cha mkono, kisha kutoka kifundo hadi pale usukani wa zamani ulipo. Daktari alikaa wima, macho mbele, mikono ameinyoosha mpaka pale maumivu yanapobisha hodi.

"Hapo?"

"Hapo. Ukipita hapo utanisikia mpaka sokoni."

Tofauti ilikuwa vidole vinne kwenda juu na vitatu kuja nyuma. Kati ya sukani tatu za Shemeji, mmoja ulikuwa hivyo hivyo, ulioinuka na kurudi nyuma kama mikono ya mtu anayekaribisha mgeni.

Kabla ya kufungua hata nati moja, Fundi akatandaza karatasi yake ya kaki, ile ya kukatia vielelezo vya nguo, akachora kila waya unapopita: wa klachi huku, wa mafuta kule, wa breki, nyaya za taa na honi. Akaandika namba. Shemeji aliyekuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa akatikisa kichwa. "Mafundi wa kwetu hawachori. Wanafungua, na zikibaki nati tatu wanasema kiwanda kilizidisha."

Mipira ya kushikia ilikuwa imegandamana na chuma kwa miaka kumi na mmoja. Fundi alipenyeza maji ya sabuni chini yake kwa bomba la sindano la mkewe, akaizungusha kidogo kidogo, ikatoka kama soksi. Akalegeza vioo, akalegeza mikono ya klachi na breki, akafungua visanduku vya swichi. Hapo akakutana na jambo lililomfurahisha mno. Ndani ya kila kisanduku kulikuwa na kinundu kidogo cha plastiki, na kinundu hicho kiliingia kwenye kitundu cha usukani ili swichi isizunguke ovyo.

"Mama Watoto, njoo uone! Kifungo na tundu lake!"

Usukani mpya haukuwa na matundu hayo. Fundi akapima, akatia alama kwa chaki, akapima tena, kisha akatoboa kwa mashine ya jirani, jasho likimtoka kama anatoboa kitambaa cha harusi ya watu. Kinundu kikaingia, tii. Akajipongeza kwa kichwa.

Usukani wenyewe ulishikwa katikati na vifuniko viwili vya chuma, bolti mbili kila kifuniko. Fundi hakuzikaza moja moja mpaka mwisho. Alizikaza zote nusu, kama mtu anayeshikiza nguo kwa uzi mrefu kabla ya kuishona, akamwita mkewe ajaribu, akausogeza nyuma kidogo, akamwita tena. Halafu ndipo akazikaza, kidogo huku, kidogo kule, mpaka zikatulia.

"Haya, Daktari. Vaa."

Daktari alipanda. Mikono yake ikaenda yenyewe ikatua mahali pake, viwiko vimekunjika kidogo, bega la kulia limeshuka limetulia. Akafumba macho. Fundi akauona ule mshipa wa shingo yake, uliokuwa umekaza tangu mkono ufunguliwe, ukilegea.

"Lo," Shemeji akasema. "Dada amevaa koti."

Pikipiki ikawashwa, ikanguruma kwa adabu. Daktari akaingiza gea ya kwanza, akaenda pole pole uani, moja kwa moja, safi kabisa. Alipofika karibu na lango akapinda kushoto.

Hapo mashine ikapiga kelele. Hakuna aliyegusa mafuta, lakini ilinguruma yenyewe kama iliyochomwa sindano, ikaruka mbele, ikaingia kwenye kamba ya nguo. Kamba ikakatika. Daktari akabana klachi kwa mkono wa kushoto, akazima kwa swichi, akatua mguu chini. Alikuwa amesimama juu ya pikipiki yake amefunikwa shuka ya mteja kichwani mpaka kiunoni.

Shemeji akaanza kucheka, akaona uso wa Fundi, akaacha.

Fundi alikwenda akamtoa mkewe shuka, akamshika bega, akamshika mkono, akamtazama macho. Alikuwa mzima, hata mkwaruzo hakuwa nao. Hata hivyo Fundi akainama akaokota spana.

"Basi," akasema. "Tumejaribu. Narudisha wa zamani."

"Unarudisha?"

"Stoo si pabaya. Kuna kivuli. Kuna kiti."

Daktari alishuka, akasimama mbele yake. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali apaze. "Hiki ndicho ulichokuwa unakingoja, Baba Watoto? Ukatae, halafu isionekane ni wewe uliyekataa?"

Fundi alifungua mdomo. Hakuwa na pini safari hii, wala pindo. Aliona aibu, kwa sababu maneno yale yalimpata barabara. Wakati mashine iliporuka, kabla hofu haijamfika, kilipita kitu kingine ndani yake, kidogo, chepesi kama pumzi: *basi, yamekwisha*. Alikuwa amefurahi. Kwa muda wa kufumba na kufumbua tu, lakini alikuwa amefurahi, naye alijijua.

Akaishusha spana.

"Hebu nionyeshe," akasema kwa sauti ndogo. "Ilikuwaje?"

Daktari alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye mashine kama anavyorudi kwa mnyama aliyempiga teke, bila kinyongo. Akaiwasha, ikiwa haina gea, akaupinda usukani pole pole kushoto. Mngurumo ukapanda. Akaurudisha kati, ukashuka. Kushoto tena, ukapanda. Alizoea wagonjwa wasiojua kusema panapouma, huwageuza huku na huku mpaka pajulikane. Akachutama, akapitisha kidole kwenye waya wa mafuta.

"Njoo ushike hapa. Mbele, umelegea. Kushoto... sasa umekaza, ona, umekaza mpaka unalia. Unajivuta wenyewe."

Fundi akaushika. Akakaa kitako kwenye vumbi, akajipiga paji la uso kwa kiganja.

"Nilikupima umetazama mbele."

"Eeh."

"Nilikupima umekaa kama picha! Miaka thelathini nawaambia watu, inua mkono, kaa, inama, nione koti linafuata au linabana. Nimeona chuma, nikasahau. Nimekushonea koti la kusimama nalo tu!"

"Na mimi sijawahi kufika kwa ng'ombe kwa njia iliyonyooka," Daktari akasema. Mdomo wake ulikuwa ukijizuia kucheka, ukashindwa.

"Shemeji," Fundi akasema, bado amekaa chini, "una waya wa mafuta mrefu kuliko huu?"

"Wa pikipiki kubwa upo. Unazidi kiganja kizima." Shemeji alikuwa amekwisha kusimama. "Nakwenda. Lakini msipigane mpaka nirudi, nisije nikakosa."

Alasiri ile yote Fundi aliifungua kazi yake upya, na hakuna fundi anayependa kufumua. Waya mpya wa mafuta ukapita mbele ya shingo ya pikipiki, si nyuma kama zamani. Waya wa klachi ulitosha ulipobadilishiwa njia. Breki vivyo hivyo. Kila alipofunga kimoja alimwambia mkewe, "Kushoto mpaka mwisho. Kulia mpaka mwisho," akiwa ameshika waya kwa vidole viwili, akihakikisha umebaki na nafasi ya kupumua. Aliangalia usukani usigonge tangi. Aliangalia mkono wa mafuta ukiachwa unarudi wenyewe, usukani ukiwa mbele, ukiwa kushoto, ukiwa kulia. Waliiwasha, wakaupinda usukani mara kumi kila upande. Mngurumo haukupanda wala kushuka.

Ilibaki mipira ya kushikia. Ya zamani ilikuwa imechakaa, na Shemeji alikuwa ameleta mipya. Wa kushoto Fundi aliuvika ulivyo. Wa kulia akauzungusha mkononi akiutazama, kisha akaingia chumba cha kushonea bila kusema anakwenda kufanya nini. Alitoka amekata ngozi laini kutoka kwenye mkoba mkuukuu, akaizungushia mpira ule juu ya tabaka jembamba la sponji, akaishona hapo hapo kwa sindano iliyopinda, mishono midogo iliyofichwa upande wa chini usioguswa na kiganja. Ukawa mnene kuliko wa kushoto. Akaujaribu: ulizunguka huru, haukushikwa na kitu.

Daktari aliushika. Vidole vyake, ambavyo tangu aumie hushindwa kujua vimeshika nini vikichoka, vilifumba kwa urahisi.

"Nani alikwambia kwamba vitu vyembamba vinaniponyoka?"

"Vikombe," Fundi akasema. "Umevunja vitatu."

Jumapili asubuhi alitoka nayo. Alipinda kushoto langoni, mashine ikaenda kwa adabu yake, akapotea nyuma ya duka la unga. Alisema anakwenda mpaka darajani na kurudi, ambayo ni robo saa. Fundi alikaa chini na kushona vishikizo vya shati. Alishona kimoja mahali si pake, akakifumua. Robo saa ikapita. Nusu saa ikapita, naye akawa anakwenda langoni na kurudi.

"Kaa, shemeji," muuza spea akasema kutoka kwenye ndoo yake. "Unatembea kama kuku mwenye yai."

"Nimekaa."

"Umekaa ukiwa umesimama."

Saa nzima na ushei ilipita kabla hawajausikia mlio. Daktari aliingia langoni na matope mpaka magotini, kilemba kimeteleza, gauni limelowa kifuani. Akazima mashine, akaiegemeza kwa mguu wake wa pembeni.

"Nimemkuta ng'ombe wa watu ng'ambo ya daraja, ndama amekuja vibaya, kichwa kimegeuka," akasema, akihema. "Ningepitaje? Nimemtoa. Jike. Amesimama."

"Na bega?" Fundi akauliza.

"Linauma kwa sababu ya ndama, haliumi kwa sababu ya usukani. Nimekwenda mpaka kule na kurudi, vidole vyote navihisi. Hivi hapa, vihesabu."

Shemeji akapiga makofi, akaondoka kwenda kuchota maji ya kunawa, kwa maana hakuwa mjinga.

Wakabaki wawili. Daktari alisimama akisugua matope yaliyokauka kwenye mkono. Hakuuliza chochote. Alikuwa amekwisha kuuliza mara moja, na hakuwa mtu wa kurudia.

"Kesho utamwambia nini mkuu wako?" Fundi akasema.

"Kesho nitamwambia nachukua njia yangu. Ningemwambia hivyo hata kama ungeniambia hapana, usijidanganye. Nilipokuuliza sikuwa naomba ruhusa." Akamtazama. "Nilitaka kujua tu, nikitoka asubuhi, nyuma yangu kuna mtu gani."

Fundi alivua futi shingoni, akaikunja, akaishika mkononi.

"Nilikuwa naogopa kusema," akasema. "Nikisema nataka, halafu barabara ikakuangusha, itakuwa mimi ndiye niliyekutuma. Nikisema sitaki, nitakuwa ndiye niliyekufungia stoo na chupa zako. Nikaona nikinyamaza hakuna litakalokuwa langu. Na jana mashine iliporuka, Mama Watoto, mimi nilifurahi. Kidogo. Nimeona bora ulijue hilo kutoka kwangu."

"Nililiona," Daktari akasema.

"Basi uliona. Nitaogopa kesho, na keshokutwa nitaogopa, na ukichelewa nitashona vishikizo kwenye migongo ya mashati ya watu. Lakini uliniuliza nataka au sitaki." Akaiweka futi juu ya tangi la pikipiki. "Nataka. Nataka urudi barabarani."